Bajeti ya Ulaya: neno la mwisho liwe la serikali au la wabunge?

Wakuu, sitamung'unya maneno. Mpango wa bajeti wa miaka saba wa Umoja wa Ulaya lazima ukubaliwe na serikali zote 27, kisha Bunge la Ulaya liridhie. Kuridhia tu! Mbunge haruhusiwi kugusa hata mstari mmoja: aubebe mzima au autupe mzima. Naona ni uonevu.

Kumbukeni Julai 2020. Wakuu wa serikali walijifungia Brussels, Uholanzi, Austria, Uswidi na Denmark wamekaza mkono, Italia na Hispania hoi kwa korona. Alfajiri ya tarehe 21 wakatoka na bajeti ya miaka saba ya euro trilioni 1.074, mbali na mfuko wa kujikwamua wa bilioni 750. Wale wanne waliobana wakaongezewa punguzo la michango yao. Na afya je? Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja kinachopendekeza bajeti, ilikuwa imeomba kama bilioni 9.4, wakubwa wakaacha 1.7. Katikati ya korona, jamani. Tarehe 23 Bunge likagoma, na kufika Novemba 10 zikapatikana bilioni 16 za ziada, afya ikapanda hadi 5.1.

Jibu: Mkuu, pesa zenyewe zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni michango ya serikali, inayopimwa kwa pato la taifa. Mbunge wa Ulaya kule Strasbourg, linakokaa Bunge hilo, hatozi kodi. Anayezomewa nyumbani Copenhagen, Denmark, ni waziri wa fedha. Ukarimu wa mfuko wa mwenzio ni rahisi.

Jibu: Kuzomewa sawa, lakini mbona turufu, yaani nchi hata moja kuweza kuzuia kila kitu? Novemba ileile Hungaria na Poland zilizuia furushi lote, zikipinga fedha kufungwa na sharti la utawala wa sheria. Nchi mbili zikawaweka wenzao 25 roho juu hadi Desemba 10. Mbunge mmoja hawezi kufanya hivyo, anahitaji wingi wa kura.

Mwanzisha mada: Asante, umenisaidia. Halafu tusidhani ni ugomvi wa majirani. Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, unaosaidia nchi zetu, ulikuwa nje ya bajeti hiyo, serikali zikiuchangia pembeni. Tangu 2021 misaada hiyo imo ndani, nao wabunge wanaihoji. Mpango wa 2028 hadi 2034 Tume iliuweka mezani Julai 2025, karibu euro trilioni 2. Anayetetea turufu aniambie: safari hii nani akatwe kwanza?