Milango mikuukuu ya Mji Mkongwe, naipigaje picha ionekane ilivyo?

mpitanjia_ung
Habari zenu wadau. Niko Unguja na napenda sana kupiga picha milango ya nakshi huku Mji Mkongwe, ila siyo ile iliyopigwa vanishi inang'aa, mi napenda ile mikuukuu, mbao zimepauka, misumari ya shaba imeingia ukijani. Kwa macho naona kitu kizuri mno lakini nikipiga na simu inakuja kama ubao mchafu tu, nakshi hazionekani. Mnafanyaje wenzangu?

jicho_la_pwani
Simu haina shida, tatizo mwanga. Nakshi ni miinuko na mashimo, haionekani bila kivuli, na kivuli unakipata mwanga ukija ubavuni. Flashi izime kabisa maana inapiga uso kwa uso inaua vivuli vyote. Nenda asubuhi au alasiri, vizia muda jua linapita likiuparuza mlango kwa upande, mara nyingi hapo una dakika chache tu kabla kivuli cha nyumba ya jirani hakijaufunika. Halafu gusa kioo penye mbao, shikilia mpaka fokasi ijifunge, ndo ushushe mwanga kidogo, kwa sababu simu ikiona mbao nyeusi inalazimisha kuing'arisha.

mtoto_wa_seremala
Naongezea kaka, usihangaike na mlango mzima. Sogea. Anza na mfaa, ule mti wa katikati, mafundi waliumalizia ujuzi wao pale. Kwenye miimo, zile mbao za pembeni mwa mlango, tafuta nakshi za minyororo, samaki, maua ya mayungiyungi. Kisha angalia palipolika! Penye mnyororo wa kufungia utakuta nakshi imelainika kwa kushikwa na watu miaka na miaka, kizingiti kimebonyea kwa nyayo, na chini kabisa mvua inakorukia mbao imefumuka nyuzi nyuzi. Mimi naona hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo, fundi alichonga lakini waliokaa humo ndani nao wameuchonga kwa kuishi. Na tafadhali piga hodi kwanza, ni majumba ya watu yale, ukiomba vizuri wenyewe watakuonyesha ambacho usingekiona.

bwagamoyo
Ukiichoka milango vuka maji uje Bagamoyo, pale ufukweni kwenye majahazi yaliyopandishwa. Deheni, yale mafuta mazito wanayopaka chombo kisiingize maji, ikishabanduka unaona pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, inachungulia kati ya mbao, kutu ya misumari imechuruzika mpaka chini, rangi za zamani zimepandana tabaka kwa tabaka, bluu inatokea chini ya nyeupe. Mi hizo naziweka nyeusi na nyeupe.

jicho_la_pwani
@bwagamoyo hapo sikubaliani na wewe ndugu yangu, ukitoa rangi ule ukijani wa shaba na hiyo bluu yako vyote vimepotea! Afadhali aache rangi ilivyo na asitie filta ya kukoleza.

mpitanjia_ung
Shukrani sana wakubwa. Na mvua ikishanyesha je, mbao zikiwa mbichi?

mtoto_wa_seremala
Nzuri sana, rangi ya mti inarudi na mistari inakolea. Ila maji yanameremeta, kwa hiyo hama kidogo kushoto au kulia mpaka mmeremeto utoke kwenye kioo ndo ubonyeze. Usichelewe, jua likitoka mbao inakauka upesi.