Naomba ushauri: kuhamia kijijini Saskatchewan na familia

Habari zenu wakuu. Mke wangu amepata kazi ya kuhudumia wazee kwenye kijiji kimoja huko Saskatchewan, Kanada. Kwa sasa tuko Toronto na watoto wawili. Tulienda kukiona: barabara moja ya lami, posta, ghala refu la nafaka kando ya reli, ni hivyo tu. Kwingine kote ni ngano na kanola (zao la mafuta ya kupikia) hadi macho yachoke. Nyumba bei chee ukilinganisha na huku, na mama mmoja alitupa chupa ya jamu kabla hata hajatuuliza majina.

Kinachonitia wasiwasi ni usafiri. Mabasi ya serikali ya jimbo yalifutwa 2017, kwa hiyo bila gari umekwama. Baridi nayo hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Magari yanalala yamechomekwa umeme ili asubuhi injini iwake. Mimi leseni ndiyo kwanza naitafuta.

Mliowahi kuishi huko, watoto weusi wawili tu shule nzima, wanapokelewaje? Shule ikifungwa kwa uchache wa wanafunzi, mnafanyaje? Na unga wa ugali mnaagiza wapi? (Msicheke, hilo kwetu ni la msingi.) Mke wangu anatakiwa kuwajibu waajiri mwisho wa mwezi huu.