Mbwa akimng'ata mleta barua ndani ya geti, nani alipe?

Baba_Shani
Wakuu habari zenu. Mbwa wa jirani yangu kamng'ata kijana wa posta pale pale mlangoni, kifurushi kiko mkononi, hata karatasi ya kusaini hajaitoa. Jirani anasema halipi hata senti, mbwa alikuwa kwake, ndani ya uzio wake, na getini kaandika MBWA MKALI kwa herufi kubwa. Mimi naona mzigo umeagiza mwenyewe, anwani umetoa mwenyewe, basi huyo mtu umemwita. Kibao hakifuti hilo. Matibabu alipe mwenye mbwa au mwajiri wa kijana?

Mlezi_wa_Mbwa
Kazi ya mbwa ni nini? Kulinda. Kalinda. Kibao kipo, kengele ipo, na mtu wa posta anajua kusoma maana ndiyo kazi yake, angebonyeza akasubiri nje. Mbwa wangu mimi hajawahi kumgusa mtu, ni mpole kuliko wengi wenu humu. Hizi habari zinakuzwa na watu wanaoogopa mbwa tangu utotoni.

Kifurushi_Leo
"Hajawahi kumgusa mtu." Hayo maneno nimeambiwa huku damu inashuka hadi kwenye soksi. Mimi kazi yangu ni hii hii ya kupeleka mizigo. Nikifika naanza kulitikisa geti kidogo nisikilize, halafu nainama nachungulia chini yake. Mbwa anayebweka sina shida naye sana, najua yuko wapi. Ninachoogopa ni pale naona mnyororo umelala chini mtupu, bakuli la maji limejaa, na kimya. Hapo sijui yuko nyuma ya nyumba au chini ya gari au ameshaanza kuja. Na hizo kengele unazosema nyingi ziko mlangoni siyo getini, kwa hiyo ili nibonyeze ni lazima nimpitie huyo mpole wako.

MzeeWaGeti
Kaka pole sana. Kibao ndicho kinachomfunga mwenye nyumba, siyo kinachomwokoa. Ukiandika mbwa mkali maana yake ulijua ni mkali. Ulijua, na bado ukaagiza mtu aje na mzigo.

Chui_Mweusi
Naunga mkono mzee. Marekani shirika lao la posta linatoa takwimu kila mwaka, 2023 wapeleka barua walioshambuliwa na mbwa walikuwa zaidi ya 5,800, 2024 ikapita 6,000. Na wenzetu hawabembelezi, mbwa akiwa hajazuiwa barua za nyumba hiyo zinasimamishwa, mazingira yakiwa mabaya hata majirani wanakosa zao, mnafuata wenyewe posta. Nasi dawa ni ndogo tu. Mbwa piga mnyororo kutwa nzima, fungua usiku, kwisha habari.

Bi_Tausi
Hapo pa mnyororo umeharibu kila kitu. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo ndiye anayekuja kuwa hatari. Kiumbe akiona kitu cha kumtisha ana mawili, akimbie au apigane, wewe kukimbia umemwondolea, amebaki na meno. Halafu mchana kutwa anaona watu wanapita hawafikii, hasira inajaa, siku pini ikikatika unashangaa. Ukimfunga hivyo hujafuga, umeweka mfungwa.

Chui_Mweusi
Dada tusifundishane kufuga. Nimekua na mbwa nyumbani, wote wa mnyororo, na hakuna mgeni aliyeng'atwa. Nyie wa siku hizi mnalala na mbwa kitandani halafu mnatuita wakatili.

Bi_Tausi
Mimi nimesema mnyororo, kitanda umekileta wewe. Na hakuna mgeni aliyeng'atwa kwa sababu wageni walikuwa wanajua mnyororo unaishia wapi, wanazunguka. Mtu wa posta anayekuja mara ya kwanza atajuaje?

Mlezi_wa_Mbwa
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na mtu hapa. Mimi wangu hafungwi kabisa. Yuko huru.

Kifurushi_Leo
Ndugu, "yuko huru" ndiyo shida yangu yote mimi!! Unafurahia kama vile umenisaidia.

Chui_Mweusi
Mnaona sasa. Bi Tausi umemfungulia mlango huyu.

Bi_Tausi
Sijamfungulia mtu mlango. Kati ya mnyororo na kuachia ovyo kuna banda, kuna chumba cha nyuma, kuna uzio wa ndani unaotenga njia ya wageni. Mnanisoma nusu mnajibu nusu. Na ngoja niwaambie kwa nini mbwa wanawachukia hawa watu hasa. Kila siku mtu anakuja, mbwa anabweka, mtu anaondoka. Sisi tunajua ameondoka kwa sababu kazi imeisha. Mbwa anajua amemfukuza. Kesho hivyo hivyo, anabweka na kushinda, anazidi kujiamini. Siku geti limeachwa wazi na yule mtu hajaondoka haraka kama kawaida, anaenda kumaliza. Kwa hiyo hata wa Mlezi ambaye hajawahi kumgusa mtu yuko mazoezini tangu alipoletwa.

Mlezi_wa_Mbwa
Wangu unamjua wewe? Umemwona wapi? Watu mnahukumu mnyama hamjawahi hata kumtupia mpira. Na amechanjwa chanjo zote, kadi ninayo, hata akimkwaruza mtu hakuna madhara.

NesiWaZamu
Samahani naingilia maana hii "amechanjwa hakuna madhara" naisikia sana kazini. Chanjo ya mbwa inapunguza hofu ya kichaa cha mbwa, basi. Jino la mbwa linaingia ndani linaacha tundu dogo juu na uchafu chini, unapata usaha, unaweza kupata pepopunda, mshipa wa kidole ukikatika kazi imekwisha. Na kadi ya mbwa aliyeng'ata mara nyingi haionekani siku hiyo. Mtu akiumwa, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, siyo kumwagia tu kikombe, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe kama anahitaji chanjo. Mbwa asiuawe haraka haraka, afungiwe aangaliwe siku 10. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo hakuna cha kusubiri tuone.

MzeeWaGeti
Ahsante nesi. Na wengine waking'atwa wanapaka chumvi au mafuta ya taa, tuambie.

NesiWaZamu
Wasipake kitu. Sabuni na maji kwanza.

Baba_Shani
Jamani nimeuliza nani alipe.

Chui_Mweusi
Kwa sheria mwenye mbwa yuko salama ndani ya kwake. Uingereza ile sheria ya mbwa hatari ya 1991 inahusu mbwa akiwa barabarani, sehemu za watu wote.

MzeeWaGeti
Hiyo ya 1991 ilirekebishwa, tangu 2014 kwa England na Wales inagusa hadi ndani ya nyumba yako. Aliyetetewa na marekebisho hayo ni huyu huyu mtu wa posta, maana yeye anaumizwa kwenye viwanja vya watu. Na 2020 mahakama kuu huko ikaamua hata vidole viking'atwa kwenye lile tundu la barua la mlangoni mwenye mbwa anajibu, awe nyumbani asiwe nyumbani. Hebu fikiria, mtu hajaingia hata ndani, kasukuma barua tu, upande wa pili kuna mdomo unamsubiri.

Mlezi_wa_Mbwa
Hayo ya kwao. Sasa mwizi naye akiingiza mkono nimlipe?

Kifurushi_Leo
Mwizi hana barua yenye jina lako. Umeruka kutoka kwangu kwenda kwa mwizi haraka sana, ndiyo maana nakasirika. Mimi nalipwa kwa mzigo uliofika, nikirudi nao nimekula hasara ya siku, kwa hiyo naingia hata pale roho inapokataa. Nina begi, nikivamiwa naliweka mbele yangu alume hilo, narudi kinyumenyume, sigeuzi mgongo, sikimbii. Na wewe wako "huru" nataka unijibu, mtoto wako akitoka kupokea mzigo mbwa nani anamshika? Maana mbaya zaidi ni hapo, mtoto kanyoosha mkono, nami nimenyoosha, mbwa anaona mgeni anamkamata mtoto.

Mlezi_wa_Mbwa
Mtoto wangu hatoki peke yake.

Kifurushi_Leo
Nimeuliza nani anamshika mbwa.

Bi_Tausi
Hajibu huyo. Baba Shani kwa maoni yangu mwenye mbwa alipe, na mwajiri naye asikwepe, kama kijana alishatoa taarifa ya nyumba hiyo na akaambiwa nenda tu, huyo bosi ana sehemu yake. Na kuanzia sasa jirani yako aweke sanduku la barua nje ya uzio, mzigo mkubwa apigiwe simu, mbwa afungiwe chumbani KABLA mlango haujafunguliwa, siyo mtu amemshika ukosi huku anasema usiogope.

Chui_Mweusi
Au amfunge kwenye waya wa kutelezea kama hataki mnyororo.

Bi_Tausi
Waya sawa, ila kwa muda mfupi na mtu awepo, na usifike njia ya wageni. Upimwe hadi mwisho wa pua ya mbwa akijinyoosha, siyo hadi mwisho wa kamba.

Chui_Mweusi
Wa kwangu unaishia kwenye ngazi ya pili.

Kifurushi_Leo
Ngazi ya pili ya mlango wa mbele? Kaka usogeze huo waya leo.