Mchunga umenishinda shambani, nifanyeje?

Mkulima wa Muheza: Wadau, mahindi yangu yamevamiwa na mchunga, lile gugu lenye majani machungu. Napalilia, mvua ikinyesha tu unachipua tena, maua ya njano kila tuta. Dawa gani inaua?

Bi Mchuzi: Jembe lako ndilo linauzidisha, mwanangu. Chini una mizizi myeupe inayotambaa. Ukiikatakata, kila kipande kinaota. Fukua kwa jembe la meno ardhi ikiwa mbichi, uitoe mizima, uianike juani. Majani machanga usitupe: chemsha, mwaga maji, unga kwa tui. Mimi simalizi uchungu wote, ndiyo raha yake.

Mfuga Sungura: Yaliyokomaa niuzie mimi, wangu wanayagombania.

Mkulima wa Muheza: Shikamoo bibi. Nazi ngapi?

Bi Mchuzi: Marahaba. Moja, tui zito liingie mwisho.