Mtoto wa maziwa ya kopo anajikunja kila akinyonya

Mama wa kwanza:
Mwanangu ana wiki 7. Akimaliza chupa tu anajikunja magoti hadi tumboni, analia mpaka sauti inakauka, kisha anacheua maziwa yaliyoganda. Choo ni kigumu, vidonge vidonge. Jana usiku nililia naye. Nimeshabadilisha kopo mara mbili wiki hii. Nifanyeje?

Mama Pacha:
Pole sana, mdogo wangu. Unatangulia kutia maji au unga? Mimi nilikuwa natia unga, halafu najaza maji mpaka kwenye mstari. Maziwa yakawa mazito, mmoja akakaa siku 4 bila choo. Tia maji kwanza, kisha vijiko vilivyosawazishwa, idadi ileile ya kwenye kopo. Na usibadilishe kopo tena harakaharaka.

Baba Mlezi:
Angalia na chuchu. Ukipindua chupa, maziwa yadondoke, yasimiminike. Mcheulishe katikati pia, kisha mshike wima dakika 20. Lakini akitapika kijani, choo kikiwa na damu, au joto likifika 38, hospitali saa hiyohiyo.

Mama wa kwanza:
Kumbe! Nilikuwa natanguliza unga. Asanteni, chupa ya saa nne naipima upya.