Mrejesho: boila ya gesi ya miaka 15 inayopoteza presha

Niliuliza kama boila hii, inayopasha maji ya kuleta joto nyumbani, itengenezwe au ibadilishwe: ikipata moto presha inapanda hadi baa 3, vali ya usalama inamwaga maji, ikipoa geji inasoma karibu sifuri.

Imetengenezwa. Tatizo ni tangi la upanuzi, linalopokea maji yanapotanuka kwa joto. Fundi alipobonyeza pini ya vali yake ya upepo yalitoka maji, yaani kiwambo cha mpira kinachotenga upepo na maji kimepasuka. Tangi jipya limejazwa upepo baa 0.75 kabla ya kurudisha maji, kisha mfumo ukajazwa hadi baa 1.2 boila ikiwa baridi. Vali ya usalama nayo ni mpya; ile iliyofunguka mara nyingi hunasa uchafu na haifungi tena sawasawa. Kama kingetoboka kibadilisha joto (sehemu ambamo moto wa gesi hupasha maji), ningenunua boila mpya bila kusita.