Daktari wa meno na meya: alimnyima ganzi kwa sababu ya jipu au kwa sababu ya wale ishirini?

mwana_ruvu

Wakuu habari za jioni. Tuko wanne huku Morogoro tunakutana kila Jumamosi kusoma hadithi fupi na kuzigeuza Kiswahili, hatuchapishi popote ni kwa ajili yetu tu, na wiki hii tumekwama. Hadithi yenyewe ni ya Gabriel García Márquez, yule mwandishi wa Colombia, inaitwa Un día de éstos, yaani moja ya siku hizi, imo kwenye mkusanyiko wake wa mwaka 1962, Los funerales de la Mamá Grande. Ni fupi mno, unaimaliza chai haijapoa, ila sisi tumeibishania mpaka giza likatukuta.

Kwa ambao hamjaisoma. Jumatatu asubuhi kwenye kamji fulani Aurelio Escovar, daktari wa meno asiye na cheti, anafungua chumba chake saa kumi na mbili na kuanza kusugua meno ya bandia. Mwanae wa miaka 11 anakuja anamwambia meya yuko nje anauliza kama utamng'oa jino. Mwambie sipo. Mtoto anaenda anarudi, anasema upo, anakusikia. Daktari anaendelea na kazi yake kama hajaambiwa kitu. Mtoto anarudi tena, safari hii kasema usipomng'oa atakupiga risasi. Hata hapo hana haraka, anasimamisha ile mashine ya kukanyaga kwa mguu, anavuta droo ya chini ya meza mpaka mwisho, bastola imo. Basi mwambie aje anipige. Anageuza kiti kuelekea mlangoni, mkono kauweka kwenye ukingo wa droo.

Meya anaingia. Shavu la kushoto kanyoa, la kulia limevimba lina ndevu za siku tano. Daktari anamtazama macho, anaona mtu aliyeteseka usiku mwingi, anaifunga droo kwa ncha za vidole, anamwambia kaa.

Sasa hapa ndo ubishi wetu ulipoanza. Anamkagua, anamwambia itabidi bila ganzi. Kwa nini? Kwa sababu una jipu. Meya anamkazia macho, anakubali, anajaribu kutabasamu, mwenzie harudishi tabasamu. Anatoa vyombo kwenye maji yaliyochemka taratibu, beseni la kutemea analisogeza kwa ncha ya kiatu, ananawa mikono, na muda wote huo hamwangalii. Afu anapolishika gego la mwisho la chini kwa koleo anamwambia, bila chuki kabisa, kwa upole wenye uchungu ndani yake, kwamba hapa unatulipa maiti ishirini.

Mwenzetu mmoja ni muuguzi, yeye anasema huyo kamdanganya mgonjwa na kumtesa, tusimpambe. Mwingine anasema jipu ni jipu, ganzi isingeshika. Mimi naona hadithi nzima imening'inia hapo. Naombeni wenye ujuzi, alisema kweli? Na kama alidanganya, bado tunamhesabu kama mtu aliyesimama kupinga dhuluma?

tabibu_wa_magego

Mkuu mimi ni tabibu wa meno, mwaka wa 14 huu niko kazini, ngoja nichangie upande ninaoujua.

Ganzi tunayotumia, lignokaini, haipatani na usaha. Penye usaha pana tindikali, dawa ikifika pale inashindwa kupenya vizuri kwenye mshipa wa fahamu, unachoma, unasubiri, ukigusa tu jino mgonjwa anaruka. Tena kupitisha sindano katikati ya usaha unaweza kuusambaza uchafu mbele zaidi. Kwa hiyo alichosema si cha kubuni, mtu akitaka kukitetea anakitetea mbele ya daktari yeyote.

Lakini gego la mwisho la chini hatulichomi pale lilipo. Sindano inaingia nyuma kabisa ya taya, mbali na usaha, unaukuta mshipa kabla haujafika kwenye jino na nusu nzima ya mdomo wa chini inakufa ganzi. Haishiki kila mara ila mara nyingi mgonjwa anapata nafuu. Au unalipasua jipu kwanza litoke usaha, unampa dawa, anarudi baada ya siku kadhaa. Huyu aliyejifunzia kazi mikononi pengine ile sindano ya nyuma hakuijua, pengine aliijua vizuri sana. Na meya hana namna ya kupima. Mji mzima unamuogopa, wenye kuhoji huwa ni yeye, leo kakaa kwenye kiti cha mbao mdomo wazi anasubiri kuambiwa kinachoendelea ndani ya taya lake mwenyewe. Ndo maana akamkazia macho. Hakuwa anauliza habari ya jipu pale, alikuwa anatafuta kisasi usoni kwa mtu, akakuta uso haumwambii kitu.

Kingine ambacho muuguzi wenu akiangalie. Mwandishi anasema daktari alitumia kiwiko cha mkono tu, samahani, kifundo, pale mkono unapopinda. Hiyo ni kazi ya fundi. Wanaoanza huwa wanavuta kwa bega, wanavunja jino, mzizi unabaki ndani. Anayejua anapanua miguu, anakaza, anazungusha kile kifundo taratibu mpaka mfupa uachie, na huyu ndivyo alivyofanya, miguu kapanua imeandikwa. Angetaka kumuua angelivunja tu kwa bahati mbaya akaacha kipande kwenye usaha. Mzizi uliobaki kwenye usaha unaweza kuua mtu, na hakuna askari ambaye angejua kumuuliza swali. Hakufanya. Kalitoa zima, kampa kitambaa safi afute machozi, kamwambia akalale na asukutue maji ya chumvi. Siku hizi tunamwambia mgonjwa asubiri mpaka kesho yake ndo asukutue, ila maji ya chumvi ni yale yale.

kibwe_jr

Bado sioni mnachokisifia. Watu ishirini wako chini ya udongo, aliyehusika kaumia dakika moja, kafuta machozi, kaondoka anapumua. Kaja na jino bovu katoka hana jino bovu. Anayenufaika hapo nani? Kesho asubuhi analala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku tano na anaamka na nguvu mpya ya kuonea watu. Na bastola ilikuwepo kwenye droo.

chausiku_m

Kibwe hoja yako ni nzito ila hiyo bastola irudishe kwenye mji wake kwanza. Hadithi haitaji nchi wala mwaka, lakini Mkolombia aliyeisoma wakati ule hakuhitaji kutajiwa. Tarehe 9 Aprili 1948 Jorge Eliécer Gaitán, kiongozi wa Waliberali, aliuawa kwa risasi Bogotá mchana kweupe, jiji likachomwa, na mauaji kati ya Waliberali na Wahafidhina yaliyokuwa yameshaanza vijijini yakalipuka miaka kumi hivi. Wenyewe wanaiita La Violencia, wanakadiria watu laki mbili hivi walikufa. Na meya kule hakuwa mtu wa kupigiwa kura, aliteuliwa kutoka juu, na kwenye miji mingi alikuwa mwanajeshi au polisi. Kura za kuchagua mameya Colombia zilikuja kupigwa mwaka 1988. Huyu wa kwenye hadithi amevaa koti la jeshi, akiaga anapiga saluti. Ukimuua huyo wanaleta mwingine na askari zaidi, na mtoto wa miaka 11 yuko hapo hapo nyumbani. Daktari alikuwa tayari kufa akikataa kuamrishwa, droo ilikuwa wazi. Alichoifungia ile droo ni sura ya mtu mgonjwa, mimi kila nikifika hapo nasimama.

Mwana_ruvu kwenye tafsiri yenu angalieni kitu kimoja. Nimesoma Kihispania miaka mitatu, ile sentensi ni Aquí nos paga veinte muertos, teniente. Hilo nos ni tu yetu, *unatulipa*. Ukiandika "unalipia maiti ishirini" umeshaiharibu, inakuwa kama hesabu ya mahakamani. Kiswahili kinalibeba vizuri kuliko Kiingereza, ka-silabi kamoja tu na mji mzima umeingia kwenye chumba. Afu hamuiti meya hapo, anamuita luteni, cheo alichokuwa nacho wakati watu wanakufa. Na tangu mwanzo mpaka mwisho anatumia lugha ya heshima, usted, hata anapomwambia afute machozi. Hajamkosea adabu hata kwa neno moja, meya akitaka kumshitaki atamshitaki kwa lipi?

binti_cherehani

Kibwe mimi nakujibu kwa kitu nilichokiona mwenyewe. Mama alikuwa fundi cherehani barazani kwetu, miaka ya tisini, mimi niko darasa la tano. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye cheo pale kwetu, analeta vitambaa ashonewe kaunda suti, anachukua nguo, hela anasema nitamtuma mtu, na huyo mtu haji. Suti tatu. Kumdai huwezi maana leseni ya biashara ilikuwa inapita mezani kwake na mama alikuwa na sisi watano.

Ya nne alipoleta mama hakukataa. Akampokea, akamwambia mheshimiwa naona umepungua kidogo simama nikupime upya. Akasimama, mikono juu, pale pale barazani, kina mama wamekaa mkekani na vitambaa vyao wanamtazama. Mama ana pini mdomoni kwa hiyo hawezi kuongea, anapima bega, anaandika, anarudi anapima bega lile lile. Jua la saa nane. Nililiona jasho likimshuka yule bwana mgongoni mpaka shati likagandana. Akamaliza akamwambia njoo Alhamisi. Alhamisi anapimwa tena, Jumatatu anapimwa tena, uzi wa rangi hiyo haujafika, shikamoo mheshimiwa, simama tu hapo. Mwisho akaja kukichukua kitambaa chake hakijapita hata mkasi.

Zile suti tatu hajalipa mpaka leo na alibaki na cheo chake miaka mingine mingi. Kwa hesabu zako mama hakushinda kitu. Lakini wale kina mama wa mkekani nyuso zao sijazisahau, na mmoja wao alikuwa na mume aliyewekwa ndani na huyo huyo bwana. Nimesoma hadithi ya daktari leo kwa sababu ya uzi huu, nilipofika pale anaposogeza beseni kwa kiatu nimelia.

kibwe_jr

Dada nimekuelewa. Sijabadili mawazo yote, ila nakubali nilikuwa natafuta ushindi na hadithi haijasema kuna ushindi. Kuna mahali meya analiona lile jino baada ya kung'olewa na anashindwa kuamini kitu chenyewe ndo kilimnyima usingizi siku zote zile. Nimelirudia hilo mara mbili.

mwana_ruvu

Asanteni sana jamani, sikutegemea. Tabibu, muuguzi wetu nimemtumia maelezo yako, kanijibu "sindano ya nyuma, kweli" afu kanyamaza. Chausiku, unatulipa tumeshaibadilisha.

Sasa nisaidieni mwisho. Meya anaelekea mlangoni, vifungo vya koti hajafunga, anasema niletee bili. Daktari anauliza, nikuletee wewe au manispaa? Na meya anajibu Es la misma vaina. Hapo ndo rushwa yote ya mji ule ilipo, hela ya watu na hela yake mfuko mmoja, na anakiri mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Tumejaribu "ni kitu kile kile" imekufa mdomoni. Tumejaribu "si mfuko mmoja huo" ila inaeleza mno, mwandishi hakutaja mfuko. Vaina naambiwa asili yake ni ganda la maharage, na watu wa pwani ya Colombia wanaliita kila kitu vaina, jambo, kitu, balaa, chochote.

wa_kilifi

Niko Kenya, nimefuata huu uzi tangu jana kimya kimya. Mimi ningeandika "yote mamoja". Ni maneno ya mtu mvivu kuongea, hata mtu akiulizwa chai ama kahawa atajibu hivyo, hayana uzito wowote masikioni. Na yule meya haoni kama amekiri kitu, kwake hiyo ni hali ya kawaida kama vile kuulizwa leo ni siku gani. Mkitafuta neno kali mtamfanya ajue anachosema, na hajui.

Pia msisahau hamwangalii daktari wakati anajibu. Amepewa mgongo asubuhi yote, sasa ni zamu yake. Anafunga mlango kwanza, halafu ndio anasema, akiwa upande wa nje, kupitia wavu wa waya. Sisi nyumbani tuko na mlango kama huo wa kuzuia mbu. Mtu akiwa nje ya wavu na mwanga uko nyuma yake humwoni uso, waona tu umbo la mtu na sauti inaingia. Hiyo sauti isiwe ya hasira. Ana kitambaa mdomoni labda, na damu.

mwana_ruvu

Yote mamoja. Tumeisoma kwa sauti mara tatu, imekaa. Na kichwa cha hadithi tulikuwa tumeandika Siku Moja, tumekifuta, tumeweka Iko Siku.